Faili zimepotea: programu imekosea au imetii?

Ukikaa kwenye steshenari za Kabwe au Mwanjelwa jijini Mbeya, hata kwenye ofisi za walimu kule Iringa, malalamiko kuhusu programu za kusawazisha faili hayakosekani. Mmoja alifuta picha kwenye simu apate nafasi, akaja kukuta zimefutika na kwenye kompyuta. Mwingine ana faili mbili za bajeti zenye majina yanayokaribiana, hajui aipeleke ipi kwa mkuu wake. Wa tatu amesikia kwamba programu anayoitumia imefungwa, na kwa kuwa ni ya bure anauliza ni nani ataitengeneza ikiharibika. Wote hufikia neno lilelile: programu ina hitilafu.

Kwa wawili wa kwanza, jibu langu ni hapana. Programu ilifanya ilichoagizwa. Hitilafu za kweli zipo, nyingine mbaya sana, na zina utaratibu wake wa kurekebishwa ambamo mtu wa Uyole au Mafinga ana nafasi kubwa kuliko anavyodhani. Lakini hutaifikia hitilafu ya kweli kabla hujaitenga na mambo mawili yanayochanganywa nayo: kazi yenyewe ya kusawazisha, na nakala ya akiba, ambayo wengi tunaiita bakapu.

Kusawazisha faili ni kuhakikisha folda iliyopo kwenye vifaa viwili au zaidi inabaki na vitu vilevile kila mahali. Ukiongeza waraka kwenye kompyuta ya ofisini, unatokea kwenye laptopu ya nyumbani. Ukiurekebisha nyumbani, marekebisho yanarudi ofisini. Zipo programu, kama Nextcloud, zinazopitisha kila kitu kwenye seva, yaani kompyuta moja ya katikati inayohudumia nyingine. Ipo rsync, kongwe iliyotolewa mwaka 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras, ambayo kwa kawaida husukuma mabadiliko upande mmoja tu, kutoka hapa kwenda pale. Na ipo Syncthing, iliyoanzishwa na Jakob Borg na kutoka kwa mara ya kwanza Desemba 2013. Hii haina seva inayotunza faili zako. Vifaa vyako huongea vyenyewe kwa vyenyewe, na maongezi yao yamefichwa kwa usimbaji ili anayesikiliza njiani asiambulie kitu. Zote tatu ni programu huria: msimbo wake, yaani maagizo yaliyoandikwa na watengenezaji, uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuubadilisha na kuusambaza kwa masharti ya leseni yake. Mfano wangu mkuu utakuwa Syncthing, kwa sababu ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi ugumu wa kazi hii.

Ugumu wenyewe uko wapi? Chukua kikoba chenye madaftari mawili ya wanachama. Katibu anaishi Uyole na daftari moja, mweka hazina anaishi Tukuyu na la pili. Kila mmoja anaandika kwake katikati ya wiki, na Jumamosi wanakutana ili madaftari yafanane. Jumamosi hii, jina la Mama Neema lipo kwenye daftari la Uyole na halipo kwenye la Tukuyu. Wafanye nini? Huenda ni mwanachama mpya aliyeandikwa Uyole, basi aongezwe Tukuyu. Huenda pia alijitoa na akafutwa Tukuyu, basi afutwe na Uyole. Kwa kuyatazama madaftari mawili tu, hakuna anayeweza kujua, hata awe na akili kiasi gani. Lazima mtu awe na kumbukumbu ya jinsi yalivyokuwa Jumamosi iliyopita.

Kumbukumbu hiyo ndiyo moyo wa programu ya kusawazisha. Kila kifaa kinatunza hifadhidata ndogo inayosema: faili hii niliiona, ilikuwa na ukubwa huu, ilibadilishwa saa hii, yaliyomo yake yanatoa namba hii. Namba hiyo hukokotolewa kutokana na yaliyomo, na herufi moja ikibadilika namba nayo inabadilika kabisa. Faili ikifutwa, hifadhidata haiisahau. Inabaki na rekodi kwamba ilikuwepo na ikafutwa, ili kifaa kingine kikija na nakala yake, kisidhaniwe kuwa kimeleta faili mpya.

Hapo jibu la mtu wa picha linakuwa wazi. Kufuta ni badiliko kama mabadiliko mengine. Ukifuta kwenye simu, umetoa agizo, na kompyuta imelitii. Bakapu ni kitu kingine kabisa: ni nakala inayobaki ilivyokuwa hata wewe ukikosea upande wa pili. Nalisisitiza hili kwa sababu nimeona ofisi zikitegemea usawazishaji peke yake kutunza kumbukumbu za miaka, na siku virusi vinapozifunga faili za kompyuta moja, faili zilizofungwa ndizo zinazosambazwa kwenye kompyuta zote, kwa uaminifu uleule.

Syncthing ina kinga ya kiasi. Unaweza kuiagiza itunze matoleo ya zamani ya faili kabla haijazibadilisha au kuzifuta. Tatizo ni kwamba kinga hii hufanya kazi kwa mabadiliko yanayoletwa na kifaa kingine, si kwa yale unayoyafanya wewe hapohapo. Kwa hiyo kama unahofia kufuta kwenye simu, mpangilio huo uwashe kwenye kompyuta. Kuna pia mpangilio wa folda ya kupokea tu, na hapa wengi hujidanganya: folda hiyo haisukumi mabadiliko yake kwa wengine, lakini bado inapokea kila kitu, na kufutwa kumo ndani ya kila kitu. Dawa ya kweli ni diski ya nje unayoichomeka, unakopi, unaichomoa na kuiweka kabatini.

Sasa yule wa bajeti mbili. Rudi kwenye kikoba: katibu amebadilisha hisa za mwanachama mmoja kuwa tano, na wiki hiyohiyo mweka hazina ameandika saba, wala hakuna aliyejua cha mwenzake. Huo ndio mgongano. Syncthing hugundua hali hiyo kwa kuhesabu mabadiliko ya kila kifaa kivyake. Kama hesabu ya kifaa kimoja imeyajumuisha yote ya kingine, basi kimoja kiko mbele na kingine kiko nyuma, hakuna ugomvi. Kama kila kimoja kina badiliko ambalo mwenzake hakuliona, ni mgongano. Faili yenye tarehe ya karibuni zaidi hubaki na jina lake. Ile yenye tarehe ya nyuma haitupwi. Hupewa jina lenye maneno "sync-conflict", tarehe, saa, na alama ya kifaa kilichoibadilisha. Wewe unafungua zote mbili, unalinganisha, unaamua.

Naona uamuzi huo wa watengenezaji ni sahihi, hata kama unakera. Programu haiwezi kujua kama ni tano au saba. Ikichagua kimyakimya, kuna siku itachagua vibaya na hutajua kamwe.

Lakini angalia neno "tarehe" hapo juu. Kompyuta nyingi za mezani tunazotumia huku ni za zamani, na betri ndogo ya kwenye ubao wake ilishakufa. Umeme ukikatika, kompyuta ikiwaka tena tarehe yake inarudi miaka mingi nyuma. Mhasibu akifanya kazi asubuhi nzima kwenye kompyuta hiyo, faili yake inabeba tarehe ya zamani, na mgongano ukitokea, kazi ya leo ndiyo inayowekwa pembeni na ya juzi ndiyo inayobaki na jina. Mtumiaji anaapa kwamba programu imerudisha faili ya zamani. Betri hiyo ya duara inauzwa kwa mafundi wa kompyuta na ni ya bei nafuu. Ibadilishe kabla hujamlaumu mtu.

Basi hitilafu ya kweli ni ipi? Ni pale programu inapofanya kinyume na ilichoahidi. Faili inaharibika njiani na haisemi. Inafuta kitu ambacho hakuna aliyekifuta. Inamwachia mgeni aingie. Katika programu za kusawazisha hitilafu kama hizi zina maficho yanayojulikana, na kila ficho lina historia ya watu waliolifukua.

La kwanza ni diski isiyopo. Folda yako iko kwenye diski ya nje, diski imechomoka, na mfumo wa kompyuta unaonyesha folda tupu mahali pake. Programu isiyo makini itasema: aha, faili zote zimefutwa, ngoja niwaambie na wengine. Syncthing huzuia balaa hili kwa kuweka alama ndogo ndani ya folda, kitu kilichofichwa kinachoitwa ".stfolder". Alama isipoonekana, usawazishaji unasimama na onyo linatolewa. Wapo wanaoifuta wakidhani ni uchafu, kisha wanalalamika kwamba programu imegoma. Imegoma ili kukuokoa.

La pili ni umeme kukatika katikati ya uandishi. Kinga yake ni kutoigusa faili ya zamani mpaka mpya ikamilike: vipande vinavyopokelewa huandikwa kwanza kwenye faili ya muda yenye mwisho wa ".tmp", na vikishatimia ndipo jina linabadilishwa. Ukikuta faili za namna hiyo baada ya giza la saa mbili, ziache. Umeme ukirudi programu inaendelea kutumia vipande vilivyokwisha kufika, na bando lako halirudii kazi.

La tatu ni majina. Mfumo wa Linux huona "Bajeti.xlsx" na "bajeti.xlsx" kuwa faili mbili, Windows kwa kawaida huziona moja. Linux inakubali nukta mbili kwenye jina, kama "Kikao 4:30", Windows inakataa. Programu nzuri husimama na kukuambia kuliko kuandika faili moja juu ya nyingine.

Hitilafu za usalama ni daraja lake peke yake. Januari 2025 rsync ilitoa toleo 3.4.0 kuziba mianya sita kwa pamoja, mmoja wao mkubwa kiasi cha kumwezesha mtu wa mbali kuendesha maagizo yake kwenye seva. Chombo kilikuwa na umri wa karibu miaka 29, kinatumika duniani kote, na bado mianya ilikuwemo. Kilichonivutia zaidi ni kilichofuata: karibu mara moja likatoka toleo 3.4.1, kwa sababu marekebisho yale yalikuwa yameleta hitilafu mpya. Hivyo ndivyo kazi hii ilivyo. Kila mstari unaogusa unaweza kuamsha kitu kwingine, na ndiyo maana marekebisho mazuri huja na jaribio: msimbo mdogo unaoirudia hitilafu ya zamani kila programu inapobadilishwa, kuhakikisha haijarudi.

Safari ya marekebisho yenyewe huanza na ripoti. Mtu anaeleza alichofanya, alichotarajia na kilichotokea. Mtengenezaji anajaribu kuirudia hitilafu kwenye mashine yake. Akifaulu, anaandika jaribio linaloikamata, kisha anarekebisha msimbo, kisha mwenzake anausoma kabla haujaingizwa. Mashine huendesha majaribio yote kwenye Windows, Linux na macOS. Toleo la majaribio linatangulia kwa wanaojitolea kulijaribu, na toleo rasmi linafuata.

Hatua inayokula muda kuliko zote ni ile ya kurudia. Hitilafu isiyorudika hairekebishiki, inabaki kuwa uvumi. "Faili zinapotea wakati mwingine" haimsaidii mtu yeyote. Lakini ukisema: folda yenye faili mbili, kompyuta A ina Windows, B ina Linux, nimezima mtandao wa B, nimebadilisha jina la faili kwenye A, nimeifuta kwenye B, nimewasha mtandao, matokeo ni haya, hapo umefanya nusu ya kazi bila kuandika hata mstari mmoja wa msimbo.

Na hapa ndipo ninapotaka wenzangu wa Nyanda za Juu Kusini wanisikie. Mazingira yetu yanazifukua hitilafu. Umeme unaokatika katikati ya kazi, mtandao wa simu unaodhoofika ukiteremka kuelekea Kyela, kompyuta yenye saa isiyoaminika, laptopu iliyokaa kijijini tangu mavuno na sasa imerudi mjini: mtengenezaji aliye mahali penye umeme wa uhakika huenda hajawahi kuyaishi haya hata siku moja. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, au wa Mkwawa kule Iringa, akiyaandika kwa mpangilio, anampa mtengenezaji kitu ambacho fedha hazikinunui kirahisi. Syncthing imeandikwa kwa lugha ya Go, ambayo zana zake na mafunzo yake rasmi ni vya bure, kwa hiyo anayetaka kuvuka kutoka kwenye ripoti kwenda kwenye msimbo hazuiwi na ada. Lakini aanze na ripoti.

Mfano wa laptopu ya kijijini si ugumu wa kubuni. Toleo la 2.0 la Syncthing, lililotoka Agosti 2025, liliacha kutunza milele rekodi za faili zilizofutwa. Sasa husahauliwa baada ya miezi 15, ili hifadhidata isivimbe bila kikomo. Kifaa kilichozimwa kupita muda huo kinaweza kurudi na faili ulizokwisha kufuta, nazo zikaonekana mpya, kama Mama Neema anavyorudi kwenye daftari baada ya kila mtu kusahau kwamba alijitoa. Ni uamuzi wa makusudi, na upo mpangilio wa kurefusha muda huo.

Toleo hilohilo linaonyesha kwamba kuboresha si kuongeza vitu tu. Hifadhidata ya ndani ilibadilishwa kutoka mfumo wa LevelDB kwenda ule wa SQLite, na mara ya kwanza kuwaka baada ya kusasishwa, programu huhamisha kumbukumbu zake zote. Mwenye folda kubwa anaweza kusubiri sana. Usiizime ukidhani imekwama. Mgongano kati ya kufuta na kubadilisha nao umepewa kanuni mpya: kufuta kunaweza kushinda, lakini faili iliyoshindwa huwekwa kando kama nakala ya mgongano. Na kitu kimoja kiliondolewa kabisa, ile njia ya kutambua yaliyomo yaliyosogea ndani ya faili. Kwenye rsync mbinu ya aina hiyo ndiyo roho ya chombo. Kwenye Syncthing, ambayo hugawa faili katika vipande na kuvuta vilivyobadilika tu, watengenezaji walibaini kwamba haikuwa ikisaidia, wakaitoa, na kazi ikawa nyepesi.

Kuhusu ile habari ya kufungwa aliyoisikia yule wa tatu: kilichosimamishwa Desemba 2024 ni programu rasmi ya Syncthing ya simu za Android pekee, na sababu zilizotolewa ni ugumu wa kuichapisha kwenye duka la Google na uhaba wa watu wa kuitunza. Chombo chenyewe kiliendelea. Kwa kuwa msimbo ni huria, tayari kulikuwa na tawi lingine la Android, yaani toleo lililotokana na msimbo uleule, Syncthing-Fork, likitunzwa na watu tofauti, na watumiaji wakahamia huko. Programu ya kampuni ikifungwa huna pa kuhamia na msimbo wake.

Wengine wanaogopa kwamba msimbo ukiwa wazi, faili zao nazo ziko wazi. Hapana, kinachosomwa ni maagizo ya programu, si nyaraka zako. Wengine wanadhani yeyote anaweza kuingiza chochote. Kupendekeza, ndiyo, kuingiza, ni mpaka watunzaji wakubali. Hata hivyo sitasema kinga hiyo haivunjiki. Machi 2024 iligundulika kwamba mtu aliyejenga imani kwa zaidi ya miaka miwili alikuwa amepenyeza mlango wa siri kwenye xz, programu ya kubana faili inayotumiwa na mifumo mingi ya Linux. Aliyemgundua, Andres Freund, alianza kwa kushangaa kwa nini kuingia kwenye mashine yake kunachelewa kwa takribani nusu sekunde. Msimbo ukiwa umefichwa, angebaki na mshangao wake.

Na bando: vifaa viwili vilivyo kwenye ruta moja vinapatana moja kwa moja. Ofisi ya AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, kule Mbozi inaweza kusawazisha picha na rekodi za mizani za msimu mzima kati ya kompyuta zake bila faili hizo kupita kwenye intaneti.

Ukiamua kuandika ripoti, taja toleo la programu, mfumo wa kila kifaa, na hatua kwa mpangilio wake. Kiingereza cha kawaida kinatosha, sentensi fupi ni bora. Angalia kwanza kama hitilafu hiyo imeshasemwa na mwingine. Kama ni mwanya wa usalama, usiutangaze hadharani. Watumie watunzaji kwa njia ya faragha waliyoiweka, ili marekebisho yatangulie. Na ukiambatanisha logi, yaani kumbukumbu ya matukio ambayo programu hujiandikia, isome yote kabla ya kuituma. Ndani yake kuna majina ya faili na folda, na faili za kikoba, shule au zahanati mara nyingi zimepewa majina ya watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu wewe uliyetuma. Badilisha kila jina la mtu kwa herufi, lilelile kila mahali linapotokea, ili mtengenezaji bado aweze kufuata mtiririko wa matukio.